Springi Mbili za Buluu

Mtunza stoo wa hospitali ile alikuwa na ugonjwa wake mmoja: kila kilichopita mikononi mwake alikipaka rangi ya buluu. Ndoo, viti, makoleo, hata saa ya ukutani, vyote vilionja brashi. Alisema ndiyo dawa ya wezi, kwa sababu mtu akionekana mtaani na kitu cha buluu hana pa kujitetea. Basi muuza vipuri alipoleta springi mbili za klachi ili fundi achague moja na kurudisha nyingine, hazikulala stoo salama. Fundi alizikuta juu ya gazeti, zimekauka, buluu tupu kutoka ncha hadi ncha.

"Umezifanya nini?" fundi akauliza.

"Nimezitia alama, fundi. Mali ya hospitali hiyo."

"Zilikuja na alama zake. Moja nyekundu, moja nyeupe. Ndivyo zinavyojulikana."

Mtunza stoo akazitazama kwa zamu, akakuna kidevu. "Kwani zote si springi?"

Fundi alijua akianza kumjibu mtu yule, jua litazama wakiwa bado mlangoni. Akazifunga kwenye kitambaa na kurudi karakana, ambako kigari cha gofu kilikuwa kimeinuliwa juu ya matofali, klachi yake ya nyuma imefunguliwa na springi ya zamani imekatika vipande viwili.

Kigari hicho kilikuwa cha wacheza gofu. Walipojinunulia vipya walikitoa sadaka, na hospitali ikakipokea kwa hotuba ndefu. Pale nyuma palipokaa mifuko ya fimbo fundi aliweka benchi la kulaza mgonjwa. Si kwamba hospitali haikuwa na gari la wagonjwa. Ilikuwa nalo, ila daraja dogo la kuingilia lilikuwa limepasuka tangu zamani, na magari yote yaliishia getini. Kilichoweza kuvuka ni miguu ya watu na kigari hiki chepesi. Kutoka getini hadi wodi ya wazazi ni tambarare, ndefu, imenyooka mpaka kwenye kona ya tangi la maji. Baada ya hapo kuna mlima wa lami iliyochubuka unaopanda hadi wodi ya juu. Viti vya magurudumu vilikatazwa mlimani tangu siku kimoja kilipomponyoka mwuguzi, mgonjwa akiwa ndani.

Sasa, springi ya klachi ndiyo inayoamua mkanda unaozungusha magurudumu ubanwe kiasi gani. Ukiweka ngumu, kigari kinapata nguvu ya kupanda, lakini kwenye tambarare kinajikokota. Ukiweka laini, kwenye tambarare kinakimbia vizuri, ila mlimani mkanda huteleza na kigari hugoma. Mtu asiye na mgonjwa angechagua huku akipiga mluzi. Fundi alikuwa na mgonjwa.

Mkewe alilazwa wodi ya juu. Figo zake zilikuwa zimekufa, na mashine ya kusafisha damu ilikuwa chini, jirani na wodi ya wazazi. Siku moja alishushwa, siku ya pili alipumzika, siku ya tatu alishushwa tena, na kila aliposhushwa ilibidi apandishwe. Fundi aliomba ahamishiwe wodi ya chini, akaambiwa vitanda vimejaa, asubiri. Alikuwa anasubiri. Wakati huo maji yalimjaa mkewe miguuni na kifuani, na hatua chache za kwenda msalani zilimwacha akihema kama aliyekimbizwa.

Fundi alianza na njia ya mkato. Akachovya kitambaa kwenye petroli, akasugua ncha ya springi moja. Rangi ya mtunza stoo ilitoka vizuri sana, ikatoka pamoja na ya kiwandani iliyokuwa chini yake. Akaijaribu ya pili kwa upole zaidi, ikawa vile vile. Kwa macho zilikuwa pacha: urefu mmoja, mizunguko sawa, na tofauti ya unene wa waya ilikuwa ya unywele. Angeweza kuzibana kwa viganja na kukisia. Mambo mengi amewahi kuyakisia kwa viganja, yakawa. Lakini safari hii hakuviamini, kwa sababu alijua moyo wake unataka nini, na aliogopa viganja visije vikamwambia kile moyo unachotaka kusikia.

Basi akapanda mlima kwa miguu kwenda kuazima mizani ya wodini.

Mkewe alikuwa ameketi kitandani, ameegemea mito. Alikuwa mkunga mkuu wa hospitali hiyo hiyo mpaka alipostaafu, na hadi leo hakuna aliyemwita vingine ila Mama Mkunga. Nusu ya wauguzi waliomhudumia yeye ndiye aliyewafundisha kushika mtoto, na bado waliogopa jicho lake.

"Mizani ya nini?" akauliza. "Umenenepa?"

"Ya kupimia springi."

"Lete nami nipimwe hapo, tuone nani mgumu."

Mwuguzi wa zamu akacheka. Fundi akacheka pia, kidogo, kwa adabu. Mwuguzi akamsaidia Mama Mkunga kusimama juu ya mizani, akasoma, akaandika, wala hakusema alichosoma. Fundi aliona jinsi vidole vya miguu ya mkewe vilivyovimba mpaka kucha zikaonekana ndogo.

"Haya, nieleze habari ya hizo springi," Mama Mkunga akasema baada ya kurudi kitandani na pumzi kumtulia. "Kama unavyomweleza mtu asiyejua gari."

Akamweleza. Hakuficha kitu, kwa kuwa miaka yote waliyoishi pamoja hakuwahi kufaulu kumficha kitu.

"Hiyo laini, mlimani itashindwa, au huenda ikashindwa?"

"Huenda."

"Basi weka laini."

"Na wewe?"

"Mimi nina wewe wa kunisukuma." Akanyoosha shuka magotini. "Yule wa pale kwenye tangi unamkumbuka?"

Fundi alimkumbuka, ingawa hakuwahi kumwona. Ilikuwa kabla ya kigari. Mwanamke aliletwa getini akivuja damu baada ya kujifungua, watu wakambeba kwenye machela, na Mama Mkunga akaenda ubavuni pake huku ngumi yake imekandamiza tumbo la yule mwanamke. Mwanamke akauliza kama wamekaribia. Mama Mkunga akasema ndiyo. Akauliza tena, akajibiwa tena. Walipofika kwenye tangi hakuuliza. Siku ile mkewe alirudi nyumbani akanawa mikono, akakaa, kisha akainuka akanawa tena.

"Anayeingia kwa lile geti akivuja hana muda," Mama Mkunga akasema. "Mimi muda ninao. Nikikwama mlimani nitakaa nisubiri. Sawa, mzee wangu?"

"Nimekusikia," fundi akasema.

Mkewe alilichukua neno hilo kuwa ndiyo. Fundi aliligundua hilo, akaliacha lilivyo, akabeba mizani yake na kuteremka.

Karakana akaiweka mizani chini ya mashine ya kutobolea, akasimamisha springi ya kwanza juu yake, akaibana mpaka ikalingana na kiberiti kilichosimama. Akasoma. Akafanya hivyo hivyo kwa ya pili. Mshale ulizidi sana, hapakuwa na ubishi. Akafunga uzi kwenye ile ngumu ili asiipoteze tena.

Halafu alikaa. Aliwafikiria wanawake wa getini, na haki yao aliiona, hakuwa mtu wa kujifanya haoni. Lakini hakuwajua. Aliyemjua ni mmoja, aliyekuwa juu kule na kucha ndogo. Alimpenda kuliko wajawazito wote wa nchi nzima na hakuona sababu ya kulionea hilo haya. Akaibana klachi kwenye jiliwa, akaingiza ile ngumu, akafunga.

Kesho yake mchana dereva alikuja kumpandisha Mama Mkunga kutoka kwenye mashine. Dereva huyo waliokuwa wakimjua walimwita Samahani, maana honi ya kigari ilikufa zamani na neno hilo ndilo lililofungua njia. Kazi hiyo ilimchosha koo. Fundi alisimama nyuma akishikilia reli, kwa kisingizio cha kusikiliza klachi.

Kigari kiliupanda mlima bila kusita. Hakikutoa harufu wala kilio. Kilifika juu kikiwa na pumzi za kurudia tena, na fundi akafurahi.

"Samahani," Mama Mkunga akasema, "huko tambarare kinakwendaje siku hizi?"

Dereva hakujua kitu, maskini. "Ah, mama, usiulize. Kama kimebeba mchanga. Jana nimembeba mmoja wa kujifungua, mumewe akashuka akatangulia kwa miguu."

Mama Mkunga hakugeuka. Aliomba ashushwe, akashikwa mkono na mwuguzi mpaka kitandani, akalala na kuelekea ukutani.

Siku ya kushushwa ilipofika, hakutaka kuvaa viatu.

"Sipandi kitu hicho," akasema.

"Utakufa," fundi akamwambia. Hakulipamba.

"Najua. Kufa nakujua, mzee wangu, nimefanya kazi jirani nako. Toa ile springi."

"Hao wanawake hawakujui."

"Nami sikuwajua hata mmoja, walikuja tu. Ndivyo kazi yenyewe ilivyo."

Fundi alimkasirikia, tena kweli kweli. Alimwambia kuwa anajifanya mtakatifu, kwamba watoto wao wamekwisha kuzika watu wa kutosha, kwamba yeye mume hakuulizwa. Mkewe alimwacha aseme yote. Wagonjwa wa vitanda vya jirani walijifanya wamelala. Alipomaliza, Mama Mkunga akamshika kidole gumba, kama alivyozoea kumshika walipokuwa wakivuka barabara.

"Ulinidanganya," akasema. "Hukuwahi. Usianzie hapa mwishoni."

Hapo fundi alilia, mbele za watu, na hakuna aliyefumbua macho. Kisha akateremka kwenda karakana.

Aliitoa ngumu, akaiweka laini. Lakini hakukubali kushindwa hivi hivi. Akachonga washa nene, kipete cha chuma, akaipachika chini ya springi ili ianze ikiwa imebanwa kidogo, akitumaini kupata vyote viwili, mbio za chini na nguvu za juu. Akakiwasha kigari, akakipeleka mlimani peke yake. Kiligugumia kwenye sehemu kali, kikapanda. Akarudia, kikapanda tena. Akafurahi, akaenda kumwita Samahani.

Hapo ndipo alipokosea, na lilikuwa kosa la fundi hasa, mtu mwingine asingelipata. Alikijaribu asubuhi, mkanda ungali baridi. Mkanda baridi hushika. Ukishapiga safari za getini mchana kutwa hupata moto, ukalainika, na hapo hauna tena urafiki na mlima. Jambo hilo alilijua siku zote. Siku hiyo hakutaka kulijua.

Kwenda kulikuwa kwema. Mama Mkunga alivaa viatu, akashuka, akakaa kwenye mashine. Njiani, kwenye tambarare, alimwambia Samahani akimbize kidogo aone, na Samahani akakimbiza. Upepo ukampeperushia kitambaa cha kichwa, akakishika huku akitabasamu, na fundi akatamani kuwa mwema kama yeye, ila hakuweza.

Kurudi, jua lilikuwa kali na kigari kilikuwa kimetoka getini mara nyingi. Katikati ya mlima, pale lami ilipochubuka, harufu ya mpira ulioungua ikapanda. Injini ikanguruma na magurudumu yakasimama. Samahani akakanyaga breki.

"Nitasukuma," fundi akasema, naye tayari alikuwa ameshuka.

Wakasukuma, fundi na mwuguzi, Samahani akiwa kwenye usukani. Kilisogea hatua moja, kikarudi hatua moja. Mwuguzi akakimbilia juu kutafuta watu.

"Nishusheni," Mama Mkunga akasema. "Bila mimi kitapanda, kisha mje kunichukua polepole."

"Kaa hapo hapo."

"Siwezi kupumua nikilala hivi. Nishushe niketi."

Akamshusha. Wakaketi kwenye ukingo wa barabara, juu ya jiwe la buluu, maana mtunza stoo alikuwa amefika mpaka huko. Kilikuwepo kivuli kidogo cha ukuta. Kichwa cha mkewe kikamwegemea begani, kizito, na pumzi yake ilitoka na sauti ya maji.

Simu ya Samahani ikalia. Aliyepiga alikuwa mlinzi wa getini. Samahani alisikiliza, akasema "ndiyo" mara kadhaa, akaishusha simu bila kuikata. Alimtazama fundi, akamtazama Mama Mkunga, akatazama chini.

"Anavuja?" Mama Mkunga akauliza.

"Wanasema sana, mama. Pacha. Mmoja ametoka njiani."

"Sasa umesimamia nini? Nenda."

Samahani hakuondoka. Alimngoja fundi. Na fundi, nalisema kama lilivyokuwa, alitaka kumwambia abaki. Alitaka kigari kile kikae palepale karibu na mkewe hata kama hakina la kumsaidia, kwa sababu kilikuwa chake, alikitengeneza kwa mikono yake. Neno lilimfika ulimini. Kidole gumba chake kilikuwa ndani ya mkono wa mkewe, naye akakibana.

"Nenda," fundi akasema.

Kigari kikageuka, kikateremka. Kutoka pale walipoketi, tambarare yote ilionekana, toka kwenye tangi hadi getini. Walikiona kikitokeza kwenye kona na kunyooka. Kilikimbia kuliko siku yoyote. Watu walikipisha pande zote mbili, na sauti ya Samahani iliwafikia kwa mbali ikiomba njia.

"Kinakimbia," Mama Mkunga akasema.

"Kinakimbia."

"Umekitengeneza vizuri."

Fundi aliomba kivunjike. Alikiombea kimya kimya gurudumu lichomoke, mkanda ukatike, kirudi tu, kitu chochote kikirudishe. Kisha akajionea haya, akaacha, akamfuta mkewe jasho kwa kiganja kilichonuka mpira. Akamwambia kwamba mwuguzi anakuja na watu. Mkewe akauliza kama wamekaribia.

"Ndiyo, mama," akamjibu.

Watu wa wodini walipoteremka na machela walimkuta fundi bado amemshikilia mkewe vile vile, naye hakuwa na haraka tena ya kuwaita. Mwuguzi alipiga magoti, akamgusa Mama Mkunga shingoni, akagusa tena mahali pengine, halafu akaketi chini kwenye lami kama mtoto.

Kigari kilirudi kikipanda kwa shida, kitupu, kikasimama palepale kilipogomea mwanzo. Samahani alikuwa na damu mikononi hadi kwenye viwiko.

"Yule mama?" fundi akauliza.

"Yuko chumba cha upasuaji. Alikuwa bado anaongea. Na watoto..." Hapo ndipo alipoona machela na shuka.

"Tumpandishe?" mmoja wa waliokuja na machela akauliza. Alikuwa mgeni kazini.

"Kupanda hakuna," fundi akasema. "Mochwari iko chini."

Benchi lilikuwa limefutwa haraka haraka na bado lilikuwa na unyevu mwekundu kwenye mishono. Fundi aliliona, akavua koti lake la kazi akalitandika, wakamlaza mkewe juu yake. Wakateremka. Springi laini haishikilii kitu mteremkoni, ikabidi Samahani akanyage breki njia yote. Hakuita samahani hata mara moja. Watu walijitenga wenyewe.

Mbele ya mlango wa mochwari, kabla hawajamshusha, simu ya Samahani ikalia tena. Aliiacha ilie. Ikakatika, ikalia upya.

"Ipokee," fundi akasema.

Samahani akasikiliza. "Ni getini," akasema kwa sauti ndogo. "Nimwambie asubiri?"

Fundi alimbeba mkewe mwenyewe. Maji yalimfanya mzito kuliko siku zote alizowahi kumbeba, na mhudumu wa mochwari alipotaka kumpokea alimkatalia. Akasimama naye mlangoni.

"Nenda," akamwambia Samahani.

Kigari kikaondoka. Kilishika kasi mapema, mkanda ukiimba sawasawa, kazi safi. Fundi alisimama na mzigo wake, akakisikiliza mpaka kilipopita kwenye tangi, na hakukisamehe.